Kuratibu utafiti wa ubongo wa mtoto mchanga na malezi: nianzie wapi?

Swali: "Mimi ni muuguzi mkunga wilayani Muheza. Nimepewa kazi ya kuratibu utafiti utakaofuatilia watoto 200 wakiwa na miezi 3, 6, 12 na 24. Tutapima umeme wa ubongo kwa kofia ya EEG, tutarekodi video mama akicheza na mtoto, na tutamsaili mama kuhusu malezi na hali yake. Itifaki, yaani mpango wa utafiti ulioandikwa, nimeisoma yote, lakini hakuna anayeniambia kazi yangu hasa ni ipi. Na tayari mama mmoja ameniuliza kama ile kofia inanyonya akili ya mtoto. Nianzie wapi?"

Jibu: Dada, hongera kwa kazi hiyo, na umeuliza mapema, jambo ambalo wengi hulifanya utafiti ukishaanza kuyumba. Kazi yako ni kulinda vitu viwili: umri wa mtoto na imani ya familia yake. Mengine yote, kuanzia vibali mpaka betri ya kompyuta, yapo kwa ajili ya hivyo viwili. Mtafiti mkuu anaweza kurudia uchambuzi wake hata baada ya miaka mitatu. Hawezi kumrudisha mtoto awe na miezi 6 tena, wala kumrudisha mama aliyeondoka na kinyongo.

Tuanze na umri. Ujazo wa ubongo wa mtoto huongezeka karibu maradufu katika mwaka wa kwanza, kisha mwaka wa pili huongezeka kwa takribani asilimia 15 tu. Mawimbi ya umeme unayoyapima kwa EEG nayo hubadilika haraka katika kipindi hicho hicho. Kwa hiyo mtoto aliyetakiwa kupimwa akiwa na miezi 6 akaja na miezi 7 na nusu amekupa kipimo kingine kabisa, hata kama fomu inaandika "ziara ya miezi 6". Itifaki yako bila shaka inataja siku zinazoruhusiwa kabla na baada ya tarehe kamili. Tengeneza jedwali lenye tarehe ya kuzaliwa ya kila mtoto, siku ya kwanza na siku ya mwisho ya kila ziara, na ulipitie kila Ijumaa jioni kuona nani anaingia kwenye muda wake wiki inayofuata na nani anakaribia kutoka.

Tarehe ya kuzaliwa ichukue kwenye kadi ya kliniki, usitegemee kumbukumbu peke yake. Hapa ukunga wako utakufaa: angalia ujauzito ulifikia wiki ngapi. Mtoto njiti aliyezaliwa wiki ya 32, akifikisha miezi 6 tangu kuzaliwa, kwa ukomavu ni kama wa miezi 4. Muulize mtafiti mkuu sasa hivi, kwa maandishi, kama watoto njiti wamo kwenye utafiti na kama umri wao utasahihishwa. Swali hili likiachwa mpaka mwaka wa pili, majibu yatakuwa mawili katika faili moja.

Kisha ichukue kalenda hiyo uilinganishe na maisha ya watu wa Muheza. Ziara yako ya miezi 3 inagongana na chanjo ya wiki 14. Mama atapenda kumaliza yote kwa safari moja, na mganga wa zahanati naye atakushauri hivyo. Usikubali kofia ivalishwe baada ya sindano. Mtoto aliyechomwa paja, mwenye homa inayopanda, hatakupa dakika moja ya utulivu, na mama atakumbuka kwamba siku ya kofia ndiyo siku mtoto aliyougua. Ama pima kwanza kabla ya chanjo, ama acha siku kadhaa zipite. Masika nayo huzifanya barabara za milima ya Amani zisipitike, kwa hiyo watoto wa huko waliozaliwa Desemba, ambao miezi yao 3 itaangukia Machi, wapangie mwanzoni mwa muda wao badala ya mwisho. Ramadhani wapangie ziara asubuhi, kwa maana mama anayenyonyesha huku amefunga huwa amechoka kufikia alasiri, na video ya saa tisa haitaonyesha malezi yake ya kila siku. Tena wapo wanaojifungulia kwa mama zao na kukaa huko hadi arobaini na zaidi. Ukimwandikisha Muheza ukakuta ziara ya kwanza yuko Korogwe, hilo si kosa lake.

Ndiyo maana siku ya kuandikisha usichukue namba moja ya simu. Chukua ya mama, ya baba, ya bibi mzaa mama, na jina la mhudumu wa afya ya jamii wa kitongoji. Andika pia majina wanayoitana mtaani, kwa sababu mwenyekiti wa kitongoji anamjua Mama Zuhura wala hajui jina lililo kwenye kadi. Karatasi hiyo yenye majina ifungiwe kabati lake. Fomu za vipimo ziende na namba ya ushiriki pekee.

Sasa imani. Mama aliyeuliza kama kofia inanyonya akili amekusaidia sana, kwa sababu wengine wanaoliwaza hilo hawatakuuliza. Watakubali mbele yako kisha ziara ya pili hawatafika. Watu wa Muheza wameishi na watafiti kwa miongo mingi, kituo cha utafiti wa tiba cha Amani kikiwa jirani yao, na wana maoni yao juu ya watu wanaokuja na vifaa na fomu. Usimcheke, na usimruhusu msaidizi yeyote aseme "hawa hawajasoma". Mjibu kwa ukweli: kofia haipeleki umeme kichwani, haitoi damu, haina mwanga wala joto. Inapokea tu umeme mdogo ambao ubongo wa kila mtu hai unautoa, kama vile wewe unavyosikiliza moyo kwa kile chombo cha masikioni bila kuugusa moyo wenyewe. Halafu mpe kofia aishike. Mwekee kichwani mwake mwenyewe kama ipo ya saizi yake, mwonyeshe mistari inavyoruka kwenye skrini anapofumba na kufumbua macho. Fanya hivyo kwa akina baba pia, na kwa mabibi. Bibi akishaivaa kofia akaivua salama, habari hiyo itafika kisimani kabla ya gari lenu kuondoka.

Kabla ya yote hayo, barua. Kibali cha kamati ya maadili ya kitaifa iliyo chini ya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) ikiwa kuna watafiti wa kigeni, kisha mkoa, Mkurugenzi wa Halmashauri, Mganga Mkuu wa Wilaya, mtendaji wa kata, mwenyekiti. Usiruke hata mmoja, wala usitume barua peke yake pale unapoweza kwenda mwenyewe. Ikiwa data au video zitapelekwa nje ya nchi, uliza mkataba wa kuhamisha data uko wapi na nani ameusaini; tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 hilo si la kuachia watu wa kompyuta.

Katika ridhaa, kinachoniumiza zaidi ni ahadi. Msaidizi anayetaka mama akubali atamwambia: "Tutajua kama mtoto wako ana akili." Mkataze kabisa. EEG ya utafiti kama huu inalinganisha makundi ya watoto. Haimwambii mama yeyote chochote juu ya mwanawe. Hata kwa makundi, sayansi yenyewe inakwenda kwa tahadhari. Marekani kuna utafiti uitwao Baby's First Years uliowaandikisha mama 1,000 wenye kipato kidogo, asilimia 40 kati yao wakipewa dola 333 kila mwezi na waliobaki dola 20. Mwaka 2022 watafiti walitangaza kwamba watoto wa kundi la dola 333, wakiwa na umri wa mwaka mmoja, walionyesha tofauti kwenye EEG. Watoto hao walipofika miaka 4 tofauti ya wazi kati ya makundi haikuonekana. Ikiwa utafiti wenye mama elfu moja unalazimika kusema hivyo, sisi tuna haki gani kumwahidi mama mmoja wa Muheza?

Soma fomu kwa sauti, mahali pa faragha, kisha mwombe mama akueleze kwa maneno yake atakachofanyiwa mtoto. Akikosea, rudia. Mpe nafasi ya kwenda kuzungumza na mume wake, lakini usipokee ridhaa ya mume badala ya yake. Asiyejua kusoma awe na shahidi asiyetoka kwenye timu. Mama aliye chini ya miaka 18 atakuja, nawe unalijua hilo kuliko mimi. Utaratibu wake uwe umeandikwa na kupitishwa na kamati kabla hajabisha hodi. Video iwe na ridhaa yake ya peke yake: kukubali kurekodiwa si kukubali kuonyeshwa kwenye mafunzo au mkutano.

Nije kwenye chumba cha kipimo, maana hapa ndipo ziara huharibika. Asubuhi ya ziara piga simu uulize jambo moja: mtoto ameamka saa ngapi na kwa kawaida analala tena saa ngapi? Panga kofia baada ya usingizi na baada ya kunyonya. Akifika amelala, mwache alale, gari lisubiri. Siku mbili kabla, mama awe ameambiwa asimpake mtoto mafuta kichwani wala kumsuka. Mtoto aliyenyolewa hurahisisha kazi, ila usimwombe mama amnyoe mwanawe kwa ajili yako. Akiwa na hirizi shingoni au wanja usoni, viache. Hirizi ikigusa waya kweli, omba isogezwe kwa heshima, wala msaidizi asiishike kwa mkono wake.

Anza kwa kupima mzingo wa kichwa taratibu, mtoto akiwa mapajani, ndipo uchague saizi ya kofia. Kofia za sifongo huloweshwa kwenye maji ya chumvi yaliyochanganywa na shampuu kidogo ya watoto. Maji yawe vuguvugu, kwa sababu kofia ya baridi ikitua kichwani kilio huanza papo hapo. Msaidizi mmoja anavalisha kwa mwendo mmoja, mwingine yuko mbele ya mtoto akipuliza mapovu ya sabuni kimyakimya. Mama ameambiwa mapema asiongee wala asimrushe mtoto mapajani wakati wa kurekodi. Simu zote ziko nje. Feni imezimwa, kompyuta inatumia betri yake, kwa sababu umeme wa ukutani huacha alama yake ya hezi 50 kwenye kila mstari. Ukipatikana umeme wa jenereta tu, liwekwe mbali na usitegemee lisisikike. Mtoto akilia mfululizo, vua. Andikeni kabisa kwamba mama anaweza kusema basi bila kutoa sababu, na kwamba hakuna atakayembembeleza. Kupoteza vipimo vingi kwa watoto wa umri huu ni kawaida duniani kote. Kisicho cha kawaida ni kupoteza bila kuandika kwa nini. Andika: alisinzia, alivuta waya, umeme ulikatika. Ubao wa kupimia urefu uje mwisho wa ziara, kwani karibu kila mtoto huulilia.

Kofia ioshwe na kutakaswa kabla ya mtoto mwingine, ikauke kivulini. Agiza mbili za kila saizi. Yenye unyevunyevu iliyofungiwa kwenye sanduku huko Amani itaota ukungu.

Tukija kwenye video ya mama na mtoto, hapa nina wasiwasi ambao ningependa uufikishe kwa wakubwa wako. Itifaki nyingi za malezi zimetungwa kwa mama anayemweka mtoto kitini, akamtazama usoni na kumsemesha. Mama anayembeba mwanawe mgongoni akitwanga, akajua kwa mjongeo mdogo wa mwili kwamba sasa anataka kunyonya, anamsikiliza mtoto vilevile, ila kamera iliyowekwa mbele haimwoni. Hili si jambo geni kwenye ukanda wetu. Mary Ainsworth, ambaye kazi yake iko kwenye mizizi ya elimu ya mshikamano wa mama na mtoto, alianzia Uganda mwaka 1954 na 1955, akizitembelea familia 26 karibu na Kampala na kukaa nazo nyumbani kwao. Katika miaka ya 1970 mtafiti Mmarekani Charles Super alifanya kazi katika kijiji cha Kokwet, miongoni mwa Wakipsigis wa Kenya, akakuta watoto wanakaa na kutembea karibu mwezi mmoja mapema kuliko wa Marekani. Mama zao walikuwa wakiwafundisha makusudi kukaa na kutembea. Kutambaa, ambako mama hao hawakuwafundisha, hakukutokea mapema. Malezi yalikuwa yanafanya kazi kubwa, na mtu asiyejua cha kutazama angesema ni maumbile tu.

Kwa hiyo waulize: tunapima nini, na kipimo hiki kimejaribiwa kwa watoto wa wapi? Kwa upande wa ukuaji wa viungo na mikono yupo jirani mzuri, kipimo cha Kilifi kilichotengenezwa na Amina Abubakar na wenzake kwa watoto wa miezi 6 hadi 35, pwani ya Kenya, kwa vifaa ambavyo mtoto wa kijijini anavifahamu. Kwa video, omba mama wachache wa majaribio ya awali wacheze kwa vitu vyao, kikombe, mwiko, kopo lenye maharage, uone tofauti na vile vya kuchezea vilivyotoka ng'ambo ambavyo mama mwenyewe anaogopa kuvivunja. Na rekodini ni nani anayekaa na mtoto mchana kutwa. Kama ni bibi au dada wa kazi, kila ziara liandikwe, maana mtakuwa mnasoma malezi ya mtu ambaye hayuko kwenye video.

Wafunze wasaidizi kunyamaza. Nimeona mara nyingi msaidizi mwenye nia njema akimnong'oneza mama, "Mwongeleshe, mwongeleshe!" Dakika hizo zimekufa, zinaonyesha malezi ya msaidizi. Mama aambiwe, "Kaa naye kama mnavyokaa nyumbani," basi, msaidizi arudi nyuma ya kamera. Wanaozitazama video na kuzipa alama wawe wawili, kila mmoja peke yake, bila kujua historia ya familia, na walinganishwe tena kila baada ya muda, kwa sababu macho ya mtu hulegea bila yeye kujua.

Sehemu inayofuata ndiyo ambayo huandikwa kwa mistari michache kwenye itifaki, nawe ndiye utakayeibeba. Utafika nyumbani ukute mtoto wa mwaka mmoja ambaye mzingo wa mkono wake uko chini ya sentimita 11.5. Huo ni utapiamlo mkali, na siku hiyohiyo wewe ni muuguzi kwanza: rufaa, nauli, na mtu wa kufuatilia kama alifika. Utamsaili mama kuhusu hali ya moyo wake naye atakujibu kwamba amewaza kujidhuru. Dodoso haliwezi kufungwa na kuwekwa kwenye mkoba kana kwamba limejazwa. Awepo mtu mwenye jina na namba ya simu anayepokea mama huyo leo, si kesho. Atakayekwambia anapigwa, ajulishwe kwa siri huduma zilizopo, likiwemo Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na maamuzi yawe yake. Ushahidi wa kipigo usiandikwe kwenye karatasi ambayo mume anaweza kuiona.

Na katika watoto 200, kwa miaka miwili, huenda mkapata msiba. Nakuomba sana ulijenge hili kabla ya ziara ya kwanza: ujumbe wa kumkumbusha mama usiende wenyewe kutoka kwenye kompyuta. Kila ukumbusho upitie kwa mhudumu wa afya wa kitongoji, athibitishe kwamba mtoto yupo na ni mzima, ndipo simu ipigwe. Mama aliyemzika mwanawe asipokee ujumbe usemao "karibu kwenye ziara ya miezi 12". Msiba ukitokea, nenda wewe mwenyewe kutoa pole, bila fomu. Taarifa kwa kamati ya maadili ina muda wake na utaitimiza, lakini mkeka wa matanga si mahali pa kuijazia.

Kuhusu nauli na zawadi, kiwango kiwe kile kilichopitishwa na kamati, kiwe sawa kwa wote, na kilipwe siku hiyohiyo, hata kama mtoto alikataa kofia. Mama aliyetoka Amani na mtoto akalia mwanzo mwisho amefanya kazi yake yote.

La mwisho, mrejesho. Fungua bajeti uangalie kama kuna fedha za kurudi vijijini na matokeo: ukumbi, chai, usafiri wa wazee, na mtu wa kueleza bila jargoni. Mara nyingi hazimo. Ukiomba sasa, ni mstari mmoja wa nyongeza kabla kazi haijaanza. Ukisubiri miaka miwili, utaambiwa mradi umefungwa. Mwandikie mtafiti mkuu wiki hii, na nakala umpe Mganga Mkuu wa Wilaya, maana yeye ndiye atakayeulizwa na wananchi baada ya ninyi kuondoka.